Kofia Iliyoachwa Wazi Utosini

Jumatatu, 3 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Tafuta kiti ukae kwanza, maana barua hii haifai kusomwa kwa kusimama. Nimechaguliwa! Mimi, binti wa kaka yako, niliyekuwa napuliza bomba la maji uani hadi mnanifukuza kwa ufagio, ndiye nitakayepiga tromboni mstari wa mbele kwenye mashindano ya bendi mwisho wa mwezi huu. Bendi yetu ya kiwanda cha sabuni inaingia uwanjani kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe. Majina yalisomewa stoo, katikati ya maboksi, na lilipotajwa langu nilipiga ukelele hadi mlinzi wa getini akaja mbio na ndoo ya mchanga akidhani tunaungua.

Usianze kucheza bado. Kuna jambo.

Anayetuongoza ni bwana stoo wetu. Tunamwita Kapteni, si kwamba aliwahi kuwa askari, ni kwa jinsi anavyopenda amri. Mwezi uliopita tukiwa mazoezini kofia ya mpiga ngoma ilidondoka, wa nyuma yake akaikanyaga, akateleza, na safu nzima ikalala chini pamoja na vyombo vyake. Tangu siku hiyo ametoa amri: siku ya mashindano kila mtu avae kofia, na atakayedondosha kofia atoke mstarini akakae benchi, awe nani awe nani. Majaji nao wanakata alama.

Fundi cherehani ametushonea kofia za kitambaa cha buluu. Yangu imekaa juu ya dredi zangu kama kifuniko cha birika. Unazijua nywele zangu, zimeshafika kiunoni, nikizikusanya juu zinakuwa mzigo. Nilipiga hatua mbili tu, kofia ikawa sakafuni. Kapteni akaitazama kofia, akanitazama mimi, akasema, "Zikatwe, au ukae benchi." Na nafasi yangu ina mwenye kuimezea mate: kuna mwenzetu wa bendi, kijana wa chumba cha boila, tunamwita Honi, jina linajieleza lenyewe, ameshaanza kujipaka mafuta midomo.

Shangazi, sitaki kuzikata. Sina sababu kubwa ya kukupa. Sikuweka nadhiri, wala hakuna aliyenituma kuzifuga. Nazipenda tu. Asubuhi nikizifunga mbele ya kioo najiona ni mimi. Na tromboni naitaka vilevile. Navitaka vyote viwili, na kwa mwingine ningeona haya kusema hivyo, ila wewe nakwambia.

Wewe umeyavisha makochi ya ukoo mzima vitambaa vya kufuma. Nifumie kofia rahisi ya buluu, kofia ya mtu mwenye nywele ndefu, isiyodondoka nikitembea. Kapteni amekubali kuitazama kabla ya kukata shauri. Humu ndani nimekuwekea uzi niliouzungusha kichwani nikaukata pale ncha zilipokutana; hicho ndicho kipimo. Barua anaileta dereva wa lori la saruji, ambaye kwenu anapita karibu kila siku. Ningekupigia simu, lakini baba ameniambia yako ilitumbukia kwenye beseni la nguo na kwamba mumeo anaitengeneza, kwa hiyo nimeshajua haitapona.

Mwanao,
Mpiga Tromboni


Jumamosi, 8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Niliisoma nimesimama, na chai yote imemwagika. Majirani wote wameshapata habari, wengine wamezipata mara mbili. Mume wangu nilimsomea kwa sauti. Unamjua Fundi Saa: akishabana lenzi jichoni na saa ya mtu iko wazi mezani, hata paa liezuliwe hanyanyui kichwa. Safari hii alinyanyua. Akauliza, "Tromboni ndiyo ile ndefu?" Kwake yeye hiyo ni sherehe.

Kuhusu simu, usimcheke mzee wako. Iko mezani kwake, vipande vyote vipo. Tatizo ni kwamba vimezidi.

Haya, kofia. Mimi nimefuma vitambaa vya makochi, vya meza, vya redio, hata cha kufunika mtungi wa gesi. Kofia sijawahi. Lakini nikajiambia, uzi ni uzi. Nikaanzia utosini kama ninavyoanza kitambaa chochote: vitanzi vichache, nikavifunga duara, nikawa nazunguka huku naongeza. Kumbe mkono wangu umezoea makochi, ukishaanza kuongeza haujui kuacha. Nilipokuja kunyanyua macho nilikuwa na kitambaa cha meza kizima, bapa, hakina hata dalili ya kichwa. Fundi Saa akasema ni kizuri, akaenda kukitandika.

Nikakichukua, nikakifumua kwa hasira, nikaanza upya. Sasa nimejua: unaongeza mpaka upana wa kichwa, halafu unaacha kuongeza na kazi inaanza yenyewe kujikunja kwenda chini. Nimeifanya ndefu, yenye tumbo, ili dredi zote ziingie ndani zikalale. Ukingo nimeukaza kwa kipimo cha uzi wako. Kwa kuwa sikuwa na kichwa cha nywele hapa, nimeijaribu kwenye sufuria niliyoijaza mitandio yangu, na sufuria ilipendeza kuliko watu wengi ninaowajua.

Huyo Kapteni kichwa chake kikoje? Maana wanaowaambia wenzao wakate nywele, mara nyingi zao zilishaaga.

Na wewe usikate. Nasema mimi, shangazi yako, nikiwa hai na sindano ya kufumia iko mkononi. Umeniandikia kwamba unavitaka vyote viwili. Vitake. Kwa nini usivitake?

Shangazi yako,
Mama Makochi


Jumanne, 11 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Umejuaje? Kapteni hana hata unywele mmoja. Kichwa kinang'aa kama sabuni iliyotoka kukatwa.

Kofia ilifika Jumapili. Nilipoifungua nilikaa nayo kitandani nikiigeuzageuza, na hata jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye hajawahi kusifia kitu, aliomba kuishika. Dredi zote ziliingia, hakuna hata moja iliyobaki nje. Nikatembea toka mlangoni hadi dirishani, kofia ikatulia. Nikapiga tromboni nayo, mwenye nyumba akagonga ukuta, nikajua mambo yamekaa sawa.

Jana nikaenda nayo mazoezini. Tunafanyia mazoezi uani kwa kiwanda, tunaanzia kwenye mizani ya malori, tunapita mbele ya chumba cha kukatia sabuni, tunageuzia kwenye mapipa. Shangazi, dredi zina uzito. Zikiwa ndani ya lile tumbo la kofia zote zinavuta kwenda nyuma. Nilipotoka mizani kofia ilikuwa kichwani. Kwenye chumba cha kukatia ilikuwa shingoni. Kufika mapipani ilikuwa imelala begani kama mtoto aliyeshiba. Wasichana wa kufunga sabuni walitoka hadi nje kushangaa. Sasa wananiita Gunia.

Kapteni hakucheka. Aliiokota, akaikung'uta, akanirudishia kwa mikono miwili. Akaniambia ukaguzi wa kofia ni Jumamosi hii asubuhi, na kama sina kofia inayokaa, Honi aanze kujifunza sehemu yangu. Akaongeza kwamba kinyozi wa pale njia panda hafungi mapema. Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza.

Na hapo hapo, sikia: wimbo wetu wa kuingilia uwanjani unaanza na tromboni peke yake. Ngoma zimenyamaza, tarumbeta zimenyamaza, niko mimi tu mpaka wengine wanidake. Nikiupiga nasikia baridi hadi vidoleni. Nikifikiria Honi anaupiga, naikumbatia tromboni kama kuna anayeninyang'anya.

Tatizo si upana, ni uzito. Fikiria kitu, Shangazi yangu. Kichwa changu kimegota.

Mwanao,
Gunia


Jumatano, 12 Juni

Mwanangu,

Barua yako nimeipata sasa hivi, na sindano nimeshaishika, kwa hiyo naandika huku nafuma. Mstari ukipinda ujue nahesabu.

Acha wakuite Gunia, watanyamaza. Kosa ni langu. Nimekuwa nafikiria namna ya kuzificha nywele zako, kumbe hazifichiki. Sasa nimegeuza kila kitu juu chini. Safari hii nimeanzia ukingoni. Nimefuma mkanda mpana, wa kukaza lakini wa kuvutika, na kutoka hapo napanda kwenda juu, mzunguko juu ya mzunguko, bila tumbo, bila madoido. Ni kofia rahisi hata mwanafunzi angeifuma. Imebana sufuria vizuri, nimeitikisa haikutoka.

Lakini hayo yote ni madogo. Jambo la maana kuliko yote kwenye kofia hii liko utosini. Sikiliza kwa makini, kwa sababu hapo ndipo

*Binti,*
*Shangazi yako ametoka. Dereva anapiga honi nje. Nimekuta kofia na barua mezani, nimeona vimekwisha, nimekufungia vyote pamoja.*
*Fundi Saa*


Alhamisi, 13 Juni

Mwanangu,

Usiivae! Kama umeshaivaa, ivue. Kama Kapteni ameshaiona, mwambie ni ya mtu mwingine.

Niliishiwa uzi jana nikiwa nimebakiza utosi. Nikaweka kofia mezani, nikaweka barua juu yake, nikaenda mara moja dukani kutafuta buluu ileile. Nimerudi nimekuta meza tupu na mume wangu anapiga mluzi. Nikamuuliza kofia iko wapi. Akasema, kwa fahari kabisa, kwamba ameituma. Nikamwambia ilikuwa haijafungwa juu, ina tundu ambalo ngumi inapita. Akasema alidhani ni la kuingizia hewa.

Miaka yote hii anafungua saa za watu na kuzifunga, na hakuwahi kusahau kufunga hata moja. Kofia ya mwanangu ndiyo ameona inafaa kwenda wazi.

Nilichotaka kukwambia ni kwamba utosini nitapunguza taratibu, nikaze, nifunge kwa fundo ambalo halifumuki, ili dredi zibanwe zisicheze. Hapo ndipo nilipokuwa. Irudishe kwa dereva leo hii, nitaifunga usiku mmoja, ikufikie kabla ya ukaguzi. Nakuomba usiende kwa kinyozi. Nimekasirika mpaka nimefagia ua mara mbili.

Shangazi yako mwenye aibu


Jumamosi, 15 Juni

Shangazi! Shangazi yangu!

Sijui nianzie wapi. Umewaza nini wewe? Umelala ukaoteshwa?

Nilipoifungua kofia jana nikaona tundu, nilishtuka, nikasema basi, shangazi amechoka. Nikaisoma tena barua. "Jambo la maana kuliko yote liko utosini. Hapo ndipo", halafu umeniachia hapo makusudi, maana Mzee ameandika kwamba vimekwisha, kama mwalimu anayetaka mwanafunzi aseme mwenyewe. Nikakaa nayo mapajani. Nikatazama tundu. Nikatazama nywele zangu kwenye kioo. Shangazi, nilisimama wima peke yangu chumbani.

Nilizikusanya dredi zote, nikazipitisha tunduni, nikazivuta mpaka kofia ikashuka ikakaa masikioni, halafu nikazifunga kwa juu kwa kipande cha uzi. Zikamwagika nje kwa nyuma, huru. Hakuna mzigo ndani ya kofia. Na kofia haiwezi kwenda popote, kwa sababu nywele zenyewe ndizo zimeishika. Ili idondoke lazima mimi nidondoke nayo.

Leo asubuhi kwenye ukaguzi Kapteni aliizunguka kama anakagua shehena. Akaniambia nitembee. Nikatembea. Akaniambia nikimbie hadi mapipani na tromboni mkononi. Nikakimbia. Akaniambia niiname, niruke, nitikise kichwa. Nikatikisa mpaka nikaona nyota. Mwishowe akavua kofia yake mwenyewe, akajipangusa jasho, akasema, "Imekaa." Wenzangu walipiga ngoma bila kuambiwa. Honi alinipa mkono, na mkono wake ulikuwa umelegea lakini aliutoa.

Nimewaambia wote kwamba shangazi yangu aliifikiria kofia hii hadi akapata kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria. Mpiga ngoma ndogo, naye ana dredi, ameipiga picha kila upande. Ninafunga barua hii ili nikapige tromboni. Kichwani nasikia wimbo tu.

Mwanao anayekupenda na kukuvulia kofia, kama ingekuwa inavulika


Jumatatu, 17 Juni

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nimefurahi umeelewa. Ndiyo, lile tundu lilihitaji kufikiriwa. Mtu hakurupuki tu akaacha tundu. Nilipima, nikawaza, nikaliacha. Kuhusu sentensi isiyokwisha, unajua mimi napenda mtu atumie kichwa chake.

Kuna barua niliandika Alhamisi nikampa dereva. Ikikufikia usiifungue. Niliiandika nikiwa na homa, nilikuwa nasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

Mume wangu anasoma juu ya bega langu huku anakohoa. Hajambo, ni vumbi la saa. Anasema wewe na yeye mna mambo ya kuzungumza tukionana. Usimsikilize.

Mwanangu, kusema kweli nimelia kidogo. Niliposoma umeruka na kukimbia na haikutoka, nilikwenda nyuma ya nyumba nikaruka na mimi. Kuku wote walitawanyika. Sasa umebakiwa na kupiga tu, na hapo sina wasiwasi.

Shangazi yako,
Mvumbuzi


Jumatano, 19 Juni

Shangazi Mvumbuzi,

Shikamoo. Pole kwa homa. Nimeisoma yote.

Dereva alikuwa ameisahau chini ya mto wa kiti, ameikalia tangu Alhamisi, ndiyo maana imefika imenyooka hivi. Nimecheka kazini mpaka nikakata sabuni upande, msimamizi akaniuliza kama naumwa. Siri yako iko salama. Hapa kiwandani wewe bado ni mvumbuzi, na Fundi Saa nitamletea zawadi yake kimyakimya, maana ndiye aliyeifuma hiyo sehemu ya maana.

Lakini cheko langu ni fupi. Jana Kapteni alisoma karatasi ya majaji upya. Sare lazima ifanane kuanzia kiatu hadi kofia. Akatukusanya stoo akasema kofia yangu inakaa, hilo halina ubishi, lakini siwezi kuwa na kofia yangu peke yangu. Ama bendi nzima ivae ya namna ile, ama na mimi nivae ya kitambaa kama wenzangu. Na ya kitambaa unajua inavyonifanyia. Kwa maneno mengine nimerudi pale pale, mkasi au benchi.

Mimi nilitazama maboksi, nilijua nikimtazama mtu nitalia. Halafu mpiga ngoma ndogo akasema yeye ataivaa. Akafuata wa tarumbeta. Wakaendelea mmoja mmoja, hata wenye vipara vya kunyoa kila wiki. Wa mwisho alikuwa Honi. Kila mtu stoo alijua ni yeye tu pale anayepata kitu nikikosa. Akanyanyua mkono akasema kichwa chake kina joto, tundu litamsaidia.

Sasa nakuomba jambo ambalo sijui kama linawezekana. Tuko ishirini na mbili ukimhesabu Kapteni. Uzi kiwanda kimenunua, dereva anakuletea viroba viwili pamoja na barua hii. Vipimo vya vichwa nimevifunga kila kimoja na jina lake. Zinatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Mimi nitafuma mbili tatu kila nikitoka kazini, nifundishe tu namna ya kuanza ule ukingo.

Kama haiwezekani niambie mapema, Shangazi, ili nijue namna ya kujipanga.

Mwanao


Alhamisi, 27 Juni

Mwanangu,

Hizo hapo, zote. Fungua kiroba taratibu, nimezipanga kwa majina.

Sitakwambia tumelala saa ngapi. Nilikwenda nyumba kwa nyumba na sindano za akiba. Wanawake wa chama chetu cha kufuma walikuwa na harusi ya mtu ya kuandalia vitambaa, wakaviweka kando. Sebule yangu ilijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Na mume wangu, mwanangu, laiti ungemwona. Siku ya kwanza alituletea chai. Siku ya pili akasimama mlangoni anatazama. Siku ya tatu akavuta kiti, akabana lenzi jichoni, akaomba sindano. Mizunguko yake imelingana kuliko yangu, na nimemwambia hivyo mbele ya watu, jambo ambalo litanigharimu maisha yangu yote. Nane kati ya hizo ni zake.

Simu amesema atairudia baada ya mashindano.

Sasa nisikilize, na safari hii sentensi nitaimalizia. Kofia hii inashikwa na nywele. Wenye nywele fupi, hata hao wa kunyoa kila wiki, nimewapitishia uzi kuzunguka tundu, wauvute kidogo, ukingo utawashika. Lakini Kapteni wako hana cha kushikwa. Kichwa kitupu kikitoka jasho kinateleza. Kwa hiyo yake nimeifunga juu kabisa na ndani ya ukingo nimeshonea kitambaa cha kukwaruza. Ukiitazama kwa mbele huwezi kuitofautisha. Mwambie kwa heshima avae hiyo. Nimemtilia na ya tundu kama wenzake ili asione ametengwa, lakini avae ile ya kufungwa.

Mimi siwezi kuja, mdogo wako wa hapa nyumbani ana mtihani na nimebaki naye. Lakini Jumapili saa nne, mkiingia uwanjani, nitakuwa nimekaa kitini. Nimejifunza.

Shangazi yako


Jumatatu, 1 Julai

Shangazi,

Shikamoo, na shikamoo kwa Mzee Fundi Saa. Leo kiwanda kimetupumzisha, midomo yangu imevimba, naandika nikiwa nimelala kifudifudi kitandani.

Kapteni alikataa. Nilimpelekea ile ya kufungwa kwa mikono miwili, nikamweleza kama ulivyonieleza. Aliipapasa, akaisifia kazi, akaniambia sare ni sare, hawezi kuwaambia watu wafanane halafu yeye akawa na ya peke yake. Akavaa ya tundu. Tulisimama chini ya jukwaa kusubiri zamu yetu, ishirini na mbili na kofia za buluu, na kutoka nyuma ungeona kichwa chake kimechomoza pale juu kama mwezi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Honi aling'ata mdomo wa klarineti ya mwenzake ili asicheke.

Halafu tukaitwa.

Shangazi, ule wimbo. Niliuanza nikiwa bado kivulini, sauti ikatangulia kutoka kabla yangu, na nilipoingia kwenye jua uwanja mzima ulikuwa umenyamaza. Nilikuwa naogopa mpaka hatua ya tatu hivi. Kisha nikaanza kusikia dredi zangu zinanipiga mgongoni, kulia, kushoto, kulia, sawasawa na mguu, na nikaacha kuogopa. Wenzangu walinidaka pale pale panapotakiwa. Kofia ilikuwa imetulia, niliisahau kabisa.

Tulizunguka mara ya kwanza. Mara ya pili, tukikaribia meza ya majaji, nikaona ukingo wa kofia ya Kapteni umepanda. Jua lilikuwa kali, jasho linamtiririka. Kofia ikakaa upande. Akaongeza mwendo bila kuigusa, maana mkono mmoja ulikuwa na fimbo na mwingine kwenye saluti. Ikateleza hadi sikioni, ikadondoka mbele ya majaji wote watano. Mpiga ngoma ndogo aliiruka. Nasi wote tukairuka, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyeikanyaga na hakuna aliyekosa noti.

Nilidhani ataendelea. Mtu mwingine yeyote angeendelea. Yeye alipunguza hatua mpaka nikamfikia, akaniambia neno moja, "Ongoza," akatoka mstarini akaenda kukaa benchi. Alikaa wima, kichwa wazi juani, fimbo imelala mapajani.

Sikuwa na fimbo. Nilikuwa na tromboni. Nikainyanyua juu, nikawa napiga huku nakata mapigo kwa bomba lake, juu chini, juu chini, na watu ishirini wakanifuata. Tuligeuza kona ambayo mazoezini hatukuwahi kuigeuza bila mtu kumgonga mtu. Tukapita mbele ya jukwaa, watu wamesimama. Nilipiga noti ya mwisho mpaka pumzi ikaisha na nikaendelea kuishika hata ilipokwisha.

Tumekuwa wa pili. Wametukata alama za kofia na za kiongozi aliyetoka. Wenzangu walikuwa wanarukaruka na kikombe kidogo utadhani ni cha kwanza. Mimi nilikichukua nikampelekea Kapteni pale benchi, maana hakuwa ameinuka. Nikaketi pembeni yake. Alikizungusha kikombe mikononi muda mrefu, akisoma maandishi kana kwamba ni mengi. Kisha akazitazama nywele zangu zilivyoanguka begani, kwa mara ya kwanza bila kukunja uso.

"Zile nywele nilizokwambia ukate," akasema, "usikate."

"Sikuwa na mpango huo, Kapteni," nikamjibu.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Sijawahi kumwona akicheka. Tukakaa pale wawili, vichwa wazi kila mtu kwa namna yake, mpaka dereva wa basi la kiwanda akaja kutuita.

Mwanao,
Mpiga Tromboni